Jani Lenye Kasoro

Bibi alikuwa anafagia uwanja chini ya mpera, Muheza, jani moja kavu lilipojiinua chini likaanza kupanda ufagio wake wa chelewa. Nikanyoosha mkono.

"Mwache, mjukuu wangu, huyo vunjajungu. Ukimgusa, chombo cha kwanza utakachoshika kitavunjika."

Akamsogeza taratibu mpaka kwenye tawi la chini, akaendelea kufagia. Sikumgusa, ila nilimtazama mpaka shingo ikauma. Urefu wake kama sentimita tano. Kichwani alikuwa na pembe iliyochongoka, tena imepinda upande, mfano wa ncha ya jani iliyokaushwa na jua. Kifua kimetanuka na kukunjamana, kingo zake kama zimeliwa na viwavi. Miguuni na pembeni mwa tumbo vimening'inia vipande vyembamba, unavyoona jani lililochanika likisubiri kudondoka. Alipotembea aliyumba, mbele na nyuma, ilhali upepo haukuwepo.

Miaka mingi baadaye nikamjua kwa jina la vitabuni, Phyllocrania paradoxa. Mjerumani Hermann Burmeister ndiye aliyempa jina la kisayansi, mwaka 1838. Anaishi katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na Madagaska pia. Mimi kwangu bado ni yule wa mperani.

Nimesimama mbele ya milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, na ninaiheshimu mikono iliyoichonga. Jani la fundi nakshi hupendeza kwa kutimia kwake: upande huu sawa na ule, mshipa umenyooka, ukingo haukuguswa na mdudu. Limechongwa ili lionekane. Vunjajungu huyu amepita njia nyingine kabisa. Mwili wake umejaa kasoro, na kila kasoro imekaa mahali pake. Ameiga jani lililokwisha thamani, ambalo ndege halimshughulishi na nzi hutua karibu nalo bila wasiwasi. Nzi huyo ndiye chakula chake.

Mwenzake katika ufundi huu ni kipepeo wa Asia aitwaye Kallima. Alfred Russel Wallace alikutana naye Sumatra, akamsimulia katika kitabu chake cha mwaka 1869. Akiruka, mabawa yake huwaka kwa mkanda mpana wa rangi ya chungwa. Akitua kichakani, huyafumba, na pale pale haonekani tena. Wallace alimnyatia mara nyingi, akaishia kumwona anapochomoka tu. Bawa lililofumbwa lina mstari mmoja uliolikata katikati kama mshipa mkuu wa jani, na mkia mfupi unaogusa kijiti ukawa kikonyo. Kinachonishika zaidi ni madoa. Yapo madogo meusi, mithili ya ukungu unaoota kwenye jani linalooza. Yaani hata ugonjwa wa jani umeigwa! Tena hawafanani: huyu wa manjano, yule wa kahawia, mwingine wa kijivu, kama majani yenyewe yalivyo chini ya mti.

Basi fundi ni nani? Kipepeo hajawahi kuliona bawa lake likiwa limefumbwa. Mimi nasema fundi ni jicho la ndege. Aliyechorwa vibaya kidogo aliliwa, aliyechorwa vizuri kidogo akabaki akazaa, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliyalinganisha mabawa ya Kallima na ya jamaa zake, wakaonyesha kwamba jani lile lilijengeka hatua kwa hatua, kutoka kwa mababu wasiofanana na jani hata kidogo. Na kazi hii ni ya zamani mno: huko Messel, Ujerumani, mwambani amepatikana mdudu-jani wa miaka milioni 47 iliyopita. Sijui nakshi nyingine iliyosahihishwa kwa muda mrefu hivyo, na msahihishaji mwenye njaa.

Siku ile pale Muheza, kabla ya kuitwa kula, niliyahesabu majani makavu ya tawi lile ili nisimpoteze. Yalikuwa saba pamoja naye. Jioni nilirudi mbio, nikahesabu tena, nikakuta sita, na chini bibi alikuwa ameshafagia. Nikakaa pale hadi giza likaingia, nikiyatazama moja moja, nikisubiri lipi litayumba.