Fidla Kutoka Gatete: Chuo Kipi?

Simulizi za taarab zinasema Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi. Wengi huisimulia habari hii kama chimbuko la taarab na kuishia hapo. Mimi naona ndani yake namna bora ya kuchagua chuo cha muziki. Kwanza wanamuziki wa Misri waliletwa kupiga kwenye kasri, kwa hiyo sauti iliyotakiwa ilishajulikana kabla ya mtu kufunga safari. Kisha akachaguliwa mtu mmoja, ala moja, na mji ambao muziki ule ulikuwa ukipigwa usiku na mchana. Aliporudi, akawafundisha wenzake. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, tayari Unguja ilikuwa na masikio yaliyozoea sauti hiyo.

Sasa tumchukue kijana wa Gatete, hapa Rumonge, Burundi, aliyekwisha kuimudu fidla: anasoma noti, anapandisha mkono wa kushoto juu ya shingo ya ala bila kubabaika, na anataka masomo ya juu. Itabidi ahame. Kiswahili chake kinamfungulia Zanzibar. Kifaransa cha shule kinamfungulia Kinshasa na Brussels. Akijikaza kwa Kiingereza, Nairobi nayo ipo. Vijana wengi huanza kwa kuuliza chuo kipi kina jina. Swali la Barghash ndilo linalofaa kutangulia: unataka sauti ipi?

Jambo hili liko kwenye vidole vyenyewe. Fidla ya Ulaya hufungwa sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzishusha nyuzi mbili za juu, ikawa sol, re, sol, re. Faida yake ni kwamba uzi mtupu huitikia sauti ya msingi, na mpangilio uleule wa vidole unarudi juu kama ulivyokuwa chini. Halafu kuna maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Chukua ile iitwayo Rast kuanzia sol: uzi mtupu, kidole cha kwanza kwenye la, kisha kidole cha pili kinatua kati ya si na si bemoli, mahali ambapo piano haina kitufe. Mwalimu asiyelelewa na sauti hiyo atakuambia umekosea, akurekebishe, na baada ya mwaka mmoja utakuwa umeipoteza. Hasara hiyo ni kubwa, na hakuna cheti kinachoifidia.

Kwa anayetaka sauti hiyo, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, maarufu kwa herufi za Kiingereza DCMA, ndicho cha kutazama kwanza. Kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mji Mkongwe, na kinafundisha taarab pamoja na nadharia ya noti. Kikundi cha taarab cha Culture Musical Club, kilichoundwa 1958, kiko mjini humohumo, kwa hiyo unachofundishwa asubuhi unaweza kukisikia kikipigwa jioni na watu wazima waliokulia humo. Safari yenyewe inawezekana: Nyanza-Lac, mpaka wa Mugina na Manyovu, Kigoma, reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, kisha boti. Ila ulizia hali ya fedha ya chuo kabla ya kufunga mizigo. Mwaka 2019 DCMA kilitangaza kwamba wafadhili wamepungua na kikaomba msaada hadharani.

Kinshasa inanivutia kwa sababu nyingine. Orchestre Symphonique Kimbanguiste, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, ilikua kwa wanafunzi kufundishana: aliyejua jana anamwelekeza wa leo. Hiyo ni shule nzuri ya kupiga pamoja na wengine. Lakini kwa mtu anayehitaji mkono wake wa upinde uchunguzwe kila wiki na mpigaji bingwa, nina shaka.

Anayetaka okestra za Ulaya ni bora apitie Kenya Conservatoire of Music, Nairobi, iliyopo tangu 1944, akafanye mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, hadi daraja la 8. Daraja hilo halimwingizi mtu kwenye chuo cha muziki cha Brussels moja kwa moja. Huko mtu hupigishwa mbele ya majaji, na kwa kawaida vyuo vya namna hiyo hutaka Bach ya fidla pekee, zoezi gumu la kiufundi na sehemu ya konseto. Kikwazo kingine ni ada, kwani asiye raia wa Umoja wa Ulaya mara nyingi hulipa zaidi. Anachokifuata huko ni ukoo wa upinde wa wapigaji fidla wa Ubelgiji Vieuxtemps na Ysaÿe, na ukoo huo hukaa kwa mwalimu, haukai kwenye jengo. Ajue jina la atakayemfundisha kabla ya kujaza fomu, amsikilize akipiga, na aombe somo moja la majaribio hata kwa simu.

Ushauri wangu kwa kijana wa Gatete anayezipenda sauti zote mbili: aanzie Zanzibar, na aende na fidla mbili kama familia inaweza, moja ibaki sol, re, la, mi. Kushusha na kupandisha nyuzi za ala moja kila siku huzilegeza, na vidole navyo hukosa pa kuzoea. Kama ni moja tu, afunge kwa mtindo wa Ulaya na ajifunze Rast humohumo. Vidole vitapata kazi zaidi kwenye nyuzi za juu, lakini ile sauti iliyo kati ya si na si bemoli inapatikana kamili kwenye uzi wa sol.