Mchezo Mmoja, Vitabu Vingi

Msomaji, kitabu cha hadithi kikisha kupigwa chapa hutulia. Mwandishi wake aweza kufa, lakini maneno yake husimama pale pale alipoyaacha. Vitabu vya sheria havina utulivu huo. Sheria hujaribiwa kila siku na watu waitumiao. Hupasuka mahali ilipo nyembamba, na hapana budi ishonwe. Nataka kusema nawe juu ya kitabu ambacho ni sheria na hadithi kwa pamoja, na ambacho kimefumuliwa na kushonwa upya mara nyingi katika muda wa miaka hamsini. Ni kitabu cha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, jina ambalo kwa lugha yetu laweza kuwa Mashimo na Majoka.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana hauna kete za kushinda kama bao, wala karata, wala mshindi. Watu wanne au watano hukaa kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi na mwamuzi. Huwaeleza wenzake mahali walipo na jambo linalowakabili: mlango wa chuma, mto uliofurika, joka lililolala juu ya dhahabu. Kila mmoja wa waliosalia huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, askari au mchawi au mwizi, akasema afanyalo mtu huyo. Likitokea jambo la mashaka, dadu hutupwa, nayo hukata shauri. Basi hadithi huzaliwa kinywani mwa watu wote, na hakuna ajuaye mwisho wake, hata msimulizi. Sisi tuliozoea kuitika "Pakawa" mtu akisema "Paukwa" twaufahamu upesi. Tofauti ni kwamba hapa mwitikiaji ana haki ya kuigeuza hadithi.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa michezo ya vita ichezwayo mezani kwa askari wadogo wa sanamu. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, kurasa zake zote hazifiki 120. Na vijitabu hivyo, nisikufiche, viliandikwa vibaya. Mambo yamechanganywa, neno hutumiwa kabla ya kuelezwa, na katika sheria za mapigano msomaji aliagizwa atazame kitabu kingine cha mwaka 1971, Chainmail, ambacho pengine hakuwa nacho. Walakini vilikuwa na fadhila moja ambayo matoleo yaliyoandikwa vizuri zaidi hayakuipata kwa urahisi: viliacha nafasi. Pale kitabu kilipokoma mwamuzi alilazimika kufikiri, na wachezaji walilazimika kumshawishi.

Tangu hapo matoleo yamefuatana kama mawimbi. Kati ya 1977 na 1979 Gygax alitoa vitabu vikubwa vitatu vyenye jalada gumu. Toleo la pili lilikuja 1989, la tatu 2000, la nne 2008, la tano 2014. Na toleo hilo la tano likaandikwa upya kuanzia 2024, kitabu chake cha wachezaji peke yake kikawa na kurasa 384. Kila mara lilipotoka jipya, watu wa lililotangulia walilia kwamba mchezo umekufa. Kilio hicho tusikipuuze, wala tusikiamini chote. Swali la mhakiki si kama kitabu ni kipya au cha zamani. Ni hili: kitabu kinamtuma mchezaji afanye nini?

Nitachukua sheria moja tu nikuonyeshe. Katika mchezo huu mtu hupanda daraja kwa kukusanya alama. Tazama kijitabu cha mafunzo cha mwaka 1981 kilichohaririwa na Tom Moldvay. Askari alihitaji alama 2,000 ili afike daraja la pili. Kumshinda zimwi wa daraja la kwanza kulimpa alama 10. Lakini kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa shimoni salama ilikuwa alama moja. Piga hesabu, msomaji. Kwa upanga mtu angepaswa kushinda mazimwi 200, na yeye ana uhai wa kustahimili pigo moja au mawili. Kwa akili, sanduku moja la sarafu 2,000 lingetosha, hata kama hakumwaga tone la damu. Je, mwenye busara angefanya nini? Angenyata. Angemhonga mlinzi, angechimba ukuta wa nyuma, angengoja joka litoke kuwinda. Hakuna mahali sheria ilipoandika "uwe mwerevu"; iliweka malipo mahali pake, na werevu ukaja wenyewe.

Toleo la 1989 liliifanya sheria hiyo kuwa hiari. Toleo la 2000 liliiacha, na alama zikahesabiwa hasa kwa maadui walioshindwa. Badiliko lilionekana dogo, na lilikuwa na hoja nzuri, kwa maana ni vigumu kueleza kwa nini dhahabu imfundishe mtu kupiga upanga. Lakini ukimlipa mtu kwa kupigana atapigana. Shimo lililokuwa mahali pa kuibia likawa uwanja wa vita, na kila toleo lililofuata lilihitaji sheria nyingi zaidi za vita ili vita hiyo ipendeze. Toleo la 2008 lilifika ukingoni mwa njia hiyo: askari na mchawi walipewa mapigo ya sura moja, mengine ya kila wakati, mengine mara moja katika pambano, mengine mara moja kwa siku. Kama mchezo wa mapigano ulipimwa kwa mizani nzuri sana, na wanaoudharau hawautendei haki. Kama masimulizi ulikuwa mkavu.

Wapo wasemao kwamba, maadamu mambo ni hayo, afadhali kurudi 1974 na kubaki huko. Mimi siwafuati. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliwawekea wanawake kikomo cha nguvu ambacho wanaume hawakuwekewa, hata katika nchi ambayo majoka huruka na wachawi hupita ukutani! Mwandishi aliweza kuamini joka, hakuweza kuamini mwanamke mwenye nguvu. Toleo la 1989 lilifuta kikomo hicho, na hakuna mwenye akili anayekililia. Kadhalika, katika kitabu cha 2014 nguvu au wepesi wa ziada ulitokana na kabila alimozaliwa mtu. Katika kile cha 2024 watokana na kazi na malezi yake. Wengine wameliita jambo hili woga. Kwangu mimi ni fikira iliyo sahihi zaidi juu ya watu, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kwa nini. Na toleo la 2000, ambalo nimelilaumu, ndilo lililosafisha hesabu: zamani deraya ilivyokuwa bora ndivyo namba yake ilivyoshuka, hata ikapita sifuri, sasa kubwa ni bora, na anayeanza haumwi kichwa.

Shaka yangu juu ya kitabu cha 2024 iko mahali pengine. Kimepangwa vizuri kuliko ndugu zake wote, lakini mpangilio huo una bei. Kushawishi, kuchunguza na kutafuta yamekuwa matendo yenye majina na kanuni zake. Mchezaji akitaka kumlainisha mlinzi anayesitasita, kipimo cha dadu kimeandikwa: 15, au akili ya mlinzi ikiwa imezidi hapo. Kwa haki, hata vijitabu vya 1974 vilikuwa na dadu mbili za kupima jinsi mgeni atakavyopokewa, na kitabu kipya chenyewe humwachia mwamuzi aseme kama mlinzi anasita kweli. Lakini mchezaji mchanga akiona orodha huchagua kutoka kwenye orodha. Husema, "Nashawishi," akatupa dadu, na yale maneno matamu ambayo mlinzi angeambiwa hayasemwi kamwe. Mwamuzi mzuri humwuliza, "Unamwambia nini?" Ningependa kitabu kiulize swali hilo kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa si kila meza ina mwamuzi mzuri.

Liko pia jambo la fedha. Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyowanunua wachapaji wa kwanza mwaka 1997, haiwezi kuishi kwa kitabu kisichochakaa; toleo jipya huuza upya kilichokwisha kuuzwa. Walakini mwaka 2000 kampuni hiyo ilitoa ruhusa kwa watu wengine kuandika juu ya msingi wa sheria zake, na kwa mlango huo sheria za kale zikafufuliwa na wapenzi wake kwa majina mapya, kama OSRIC ya mwaka 2006. Januari 2023 ilijulikana kwamba kampuni yataka kuifinya ruhusa ile. Wachezaji walipiga kelele, wengi wakakata malipo yao, na tarehe 27 mwezi huo huo kampuni ikarudi nyuma: ikaziweka sheria za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo ikisha kutolewa hairudishwi. Mtu akitaka leo kuandika toleo lake mwenyewe juu ya msingi huo, na kuirudisha humo sheria ya dhahabu, hana haja ya kupiga hodi kwa mtu yeyote.