‘Nasibu’ si ‘ovyo’: Sura ya Tatu ya tasnifu zetu inaugua

Ukitaka kujua afya ya tasnifu ya uzamili ya Kiswahili, usianzie kwenye utangulizi wala hitimisho. Fungua Sura ya Tatu. Hapo ndipo mtafiti anapoeleza aliwapata vipi watu aliowahoji, aliwauliza nini na hesabu zake alizifanya namna gani. Hapo pia ndipo wanafunzi wengi huteleza, na wasimamizi wao wakatia sahihi wakisema, ‘Sisi ni watu wa lugha bwana, takwimu tuwaachie wenyewe.’

Hoja yangu leo ni kwamba tatizo hilo ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu.

Chukua neno ‘nasibu’. Karibu kila tasnifu ina sentensi ya aina hii: ‘Sampuli iliteuliwa kinasibu.’ Watahini wakimbana mwanafunzi, mambo yanafichuka. Kumbe alisimama langoni mwa shule akawahoji wanafunzi 12 wa kwanza waliokubali kuongea naye. Eti hiyo ni nasibu! Hapana. Huko ni kuokota kilicho karibu na mkono, na huenda wenye haya, waliochelewa na waliokuwa hawajalipa karo hawakupata nafasi hata kidogo.

Ajabu ni kuwa Kiswahili kimetufafanulia dhana hii zamani. Sote tunajua bahati nasibu. Kila tikiti huingizwa kapuni, kapu hutikiswa, na anayechota hachagui. Tikiti ya maskini na ya tajiri zina nafasi sawa. Sampuli nasibu ni hiyo hiyo: kwanza uwe na orodha kamili ya watu unaowatafiti, kisha kura iamue, si miguu yako wala urafiki wako na mwalimu mkuu. Aliyeteua ‘ovyo’ hajateua ‘kinasibu’.

Wapo wanaodhani wingi wa watu utaziba kasoro hiyo. Mwaka wa 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za maoni milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni mbili. Likatabiri kuwa Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati ambapo uchumi ulikuwa umeanguka na maskini hawakuwa na simu wala gari. Tena, wengi waliotumiwa kadi hawakujibu. Mamilioni ya majibu hayakuweza kuwasemea wasiokuwamo.

Maradhi ya pili ni asilimia za mapambo. Mwanafunzi aliyehoji watu 12 anaandika kuwa ‘asilimia 41.67 walikubali’. Ni watu watano, msomaji! Kwa nini asiseme watano kati ya 12? Mtu mmoja akibadili nia, asilimia nane na ushei inahama. Desimali mbili hapo zinavalisha mashaka suti na tai.

La tatu ni neno ‘muhimu’. Programu ya kompyuta ikionyesha tofauti ambayo ingetokea kwa nadra sana iwapo kusingekuwa na tofauti yoyote, mwanafunzi huiita ‘tofauti muhimu’. Kisha anajenga mapendekezo mazito juu yake. Lakini ukipima maelfu ya wanafunzi, hata nusu alama yaweza kupita mtihani huo. Je, nusu alama ina umuhimu gani darasani? Wanaisimu tayari tuna ‘sifa bainifu’. Kwa nini tusiseme ‘tofauti bainifu kitakwimu’, halafu tukaacha umuhimu ujadiliwe kivyake?

Dosari kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika muundo wa utafiti, pale ‘uhusiano’ unapogeuzwa kuwa ‘sababu’. Mfano bora tunao hapa nyumbani, Busia. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza chati kubwa za kufundishia. Shule zilizokuwa tayari na chati zilipolinganishwa na zisizo nazo, zenye chati zilionekana kufanya vyema zaidi. Mtu wa haraka angetangaza kuwa chati huinua alama. Lakini katika jaribio la shule 178, nusu yazo zikipewa chati kwa kura, faida hiyo haikuonekana. Yamkini shule zenye chati zilikuwa na mengine mazuri: wazazi wenye uwezo, walimu wenye bidii. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda huenda si yule unayemshukuru.

Utafiti mwingine wa Busia, ulioanza 1996, unatugusa zaidi sisi wa lugha. Vitabu vya kiada viligawiwa shule zilizoteuliwa kwa kura. Wastani wa alama haukupanda. Je, vitabu havina kazi? Watafiti hawakuishia kwenye wastani. Waliwatazama wanafunzi kulingana na alama zao za awali, wakaona kuwa waliokuwa mbele tayari walinufaika. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko, na wengi hawakuweza kuvisoma vizuri. Wastani ulikuwa umeficha watoto walioachwa nyuma, na lugha ilikuwa sehemu ya sababu. Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa majaribio ya namna hii.

Sasa jiulize: swali hilo la lugha na vitabu lilikuwa la nani? Lilikuwa letu. Likajibiwa na wanauchumi kwa sababu wao walijua kupiga kura ya shule na kuuchambua wastani, nasi tulikuwa tukiogopa hesabu.

Sisemi kila tasnifu ijazwe majedwali. Anayechambua taswira katika riwaya moja hahitaji sampuli nasibu, na mahojiano ya kina na wazee sita yaweza kufundisha mengi. Lakini basi aseme waziwazi kuwa aliwateua kimakusudi, kwa vigezo gani, na asiwafanye wazee hao sita kuwa sauti ya Pwani nzima.

Idara za Kiswahili ziwafunze wanafunzi takwimu za msingi kwa Kiswahili chenyewe, kabla hawajaandika pendekezo la utafiti. Na siku ya utetezi, watahini wawe na swali moja la kwanza: aliyehojiwa aliingiaje kapuni, na nani hakuingia?