Nafasi Moja kwa Kila Herufi

Andika jina Bweni kwa taipureta. Herufi i, nyembamba kuliko zote, hupewa nafasi ile ile anayopewa w mwenye mabega mapana. Hapo ndipo mchora herufi za upana mmoja anapopimwa: i aiwekee vijimkono isielee peke yake, na w aibane miguu isigeuke doa jeusi. Kiswahili humwongezea kazi, kwa jinsi kilivyojaa i, m na w: mwimbaji, miwani, wamiliki.

Mimi nazihusudu zaidi zile zenye kona kali, zilizotokana na mashine za zamani zisizojua mviringo. Mholanzi Wim Crouwel aliona jinsi mitambo mipya ya kupanga maandishi ilivyokuwa ikiharibu mikunjo ya herufi zilizozoeleka. Yeye akaufuata mtambo. Mwaka 1967 akatoa alfabeti ya mistari iliyonyooka, herufi zote upana mmoja. M yake ni n iliyopigiwa mstari chini, na w akaipata kwa njia hiyo hiyo. Ni vigumu kuisoma, na mwenyewe aliihesabu kuwa jaribio tu. Kwangu ni kazi ya fundi mkubwa.

Wanawake wanaosuka mikeka Bweni, kaskazini mwa Mafia karibu na Ras Mkumbi, wangemwelewa upesi. Kwanza ukindu huchanwa, na chane zisipolingana ukili hupinda. Nyingine huchemshwa katika rangi. Kisha kila chane hupita juu au chini. Njia ya tatu haipo, kama kidoa cha kioo cha kompyuta kinavyowaka au kuzimika. Duara halisukiki. Ua likitakiwa, hujengwa kwa ngazi na pembe, na msukaji hubeba hesabu yote kichwani huku akizungumza na wenzake.

Mchora herufi mwingine, Adrian Frutiger, alikabidhiwa kazi ngumu zaidi: herufi ambazo mashine itazisoma na jicho la mtu halitazichukia. OCR-B yake ilitoka mwaka 1968, nayo imo katika pasipoti zetu, chini ya picha: mistari miwili, nafasi 44 kila mmoja, na pasipo na herufi pamejazwa alama za mshale. O isidhaniwe sifuri, I isidhaniwe moja.

Waandishi wa programu nao hawajaziacha herufi za upana mmoja. Safu zao husimama wima, na alama moja ikikosekana, huonekana kama chane iliyorukwa.