FLLL32: Manjano Yamezaa Mtoto wa Ajabu

Waitu, manjano yamezaa! Yale yale tunayonunua sokoni Nshamba, tukayatia kwenye mchuzi wa samaki mpaka vidole vikabaki na rangi. Mtoto wao anaitwa FLLL32, amezaliwa maabara ya Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na tangu nisome tafiti zake za mwaka 2010 sijatulia.

Kwanza mama yake. Rangi ya manjano hutoka kwenye kurkumini, kemikali iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815. Kwenye vyombo vya maabara hupambana vizuri na seli za saratani, ila ukiila, utumbo hupokea kidogo mno na mwili huivunja upesi. Wanakemia wakageuza kidogo ncha zake mbili, katikati wakapachika pete ya kaboni, umbo likatulia, FLLL32 ikapatikana. Basi!

Na matokeo yake? Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na ndani ya seli mbiu mojawapo ni protini iitwayo STAT3. Ikiamshwa, hushikana mbili mbili, huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru: kua, gawanyika, usife. Seli yenye afya huipiga, kisha huinyamazisha. Kwenye saratani nyingi hulia usiku na mchana. FLLL32 huizuia isiamshwe, na maabara zimeona seli za saratani ya matiti, ya kongosho, ya mifupa na ya ngozi zikifa!

Hapa ndipo nilipoinuka kitini. Kwenye seli za melanoma, ile saratani kali ya ngozi, STAT3 ilinyamazishwa, lakini ndugu yake STAT1, anayepokea amri za intaferoni ili mwili ujikinge, aliachwa afanye kazi yake. Kumziba mmoja mdomo bila kumgusa nduguye, huo ndio ufundi!

Hukumu yangu: sijawahi kusoma kazi nzuri kama hii iliyoanzia kwenye kiungo cha jikoni. Hata hivyo FLLL32 bado ni ya maabara, haijawa dawa ya hospitali, na unga wa manjano hauwezi kushika nafasi yake. Endelea kuupikia. Lakini ukiona uvimbe au kidonda kisichopona, wahi hospitali ya Rubya, na wakikupa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, ndugu yangu, nenda wiki hiyo hiyo.