Juzuu Iliyoachia Mgongo

Juzuu ilimfikia mzee, mshonaji wa vitabu, ikiwa imefungwa kwa kamba ya katani. Mzee aliifungua taratibu juu ya meza yake, barazani, si mbali na stendi ya Nyegezi jijini Mwanza, akaanza kuhesabu karatasi moja baada ya nyingine. Hakugusa gundi wala sindano hadi alipojua kwamba hakuna ukurasa uliopotea.

Ni kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, toleo la Tanzania Publishing House la 1980. Majirani wanakitaka kwa tamasha la mtaa Jumamosi, watakapokaa mkekani na kusomeana kwa zamu maandishi ya watu wa Ziwa Victoria.

Kazi ilianzia mgongoni. Alikwangua gundi ya zamani kwa kisu butu, ikawa inadondoka vipande vya rangi ya asali. Karatasi zilizopasuka alizitia viraka vya karatasi laini, kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe kwenye jiko la mkaa na kuitia shabu kidogo ili isiote ukungu. Aliipaka kwa kidole, nyembamba mno, hata maneno yaliyo chini ya kiraka yakasomeka yote.

"Mzee, kwa nini usipake gundi mgongoni, yakaisha?" nilimuuliza.

"Gundi tupu ndiyo iliyokifikisha hapa, mwanangu."

Akazigawa karatasi mafungu ya 12. Fungu la kwanza akalibana kati ya vibao viwili, akalitoboa kwa msharasi, matundu yakiwa mbali na ukingo kwa upana wa punje ya mchele tu. Hapo nilisogeza kigoda changu karibu. Uzi ni ule wa kushonea nyavu. Aliupitisha mara tatu kwenye donge la nta ya nyuki hadi nyuzinyuzi zake zote zikalala. Sindano iliingia tundu la kwanza, ikazunguka ukingo, ikaingia la pili. Kila mshono aliuvuta kwa kufuata urefu wa mgongo, hakuuvuta juu hata mara moja, kwa kuwa karatasi ya umri huo ukiivuta juu inachanika. Fungu likiisha, analilaza juu ya mwenzake na kuyafunga pamoja kwa fundo dogo lisiloonekana. Hivyo ndivyo alivyofanya mchana kutwa, huku mabasi yakipiga honi na wanafunzi wa Malimbe wakipita. Kwenye fungu la saba kidole gumba chake kilisita. Akafumua mishono minne, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimekodoa macho, na sikuwa nimeona kasoro yoyote.

Kitereza alimaliza kukiandika kitabu hiki kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Akakaa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na miaka 35 ikapita kabla hakijachapishwa. Alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfika mkononi. Kwangu mimi, kitabu cha namna hiyo kinastahili kabisa mikono isiyo na haraka.

Jua lilipoinama, mzee alipaka gundi mgongoni na kubandika kitambaa cha marekani, akakiacha kizidi vidole viwili kila upande ili kishike jalada. Akakata kadibodi mbili na kuzivika kitambaa cheusi. Jalada la zamani hakulitupa. Alilipunguza kingo, akalibandika juu ya jipya. Kisha kitabu kikawekwa kati ya mbao, juu yake jiwe la itale ambalo ilibidi tulibebe wawili, kikalala hivyo usiku kucha.

Asubuhi alikifungua katikati, akaondoa mikono. Kikabaki wazi mezani, kurasa zimetulia pande zote mbili. Akakigeuza mwanzo, akakigeuza mwisho, akakiweka kando bila neno.

Kilichofuata kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, aliyesoma hapa hapa katika Seminari ya Nyegezi. Jalada la nyuma halikuwepo. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akaanza kuhesabu karatasi.