Namna ya Kuipima Insha ya Utamaduni

Mwanafunzi wa Arusha au Mombasa anayeomba chuo Marekani kupitia mfumo wa Common App hupewa nafasi ya maneno 250 hadi 650 ajieleze. Miongoni mwa maswali anayoweza kuchagua, la kwanza linamtaka aeleze asili, utambulisho au kipaji ambacho bila hicho maombi yake yangekuwa na pengo. Vijana wengi wa kwetu hulikimbilia, na wana haki. Tatizo ni kwamba insha zao hutoka zikifanana, ilhali maisha yao hayafanani hata kidogo.

Nimesoma rasimu nyingi za aina hii, na naamini insha ya utamaduni hupimika kama kazi yoyote ya mkono. Mizani yake kubwa ni moja: je, tunamwona kijana akiutumia utamaduni wake, au anatuonyesha tu kwamba anao? Mwalimu au mzazi anayekabidhiwa rasimu aanzie hapo, kisha afuate vigezo vinne.

Kwanza, tazama nani anatenda. Chukua kalamu upigie mstari watendaji wote wa sentensi. Ukikuta “jamii yetu”, “wazee wetu” na “kabila langu” kila mahali, mwombaji hayumo. Nimetunga mifano miwili kuhusu jambo lilelile, msiba. Wa kwanza: “Katika utamaduni wetu, umoja ni nguzo ya maisha. Kukitokea msiba, jamii nzima hukusanyika kumfariji mfiwa.” Wa pili: “Baba mkubwa alinikabidhi daftari la rambirambi kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nikachora safu mbili, jina na kiasi. Asubuhi akafika mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Sikujua nimwandike wapi. Nikachora safu ya tatu.”

Mfano wa pili haukutaja umoja, lakini umoja umeonekana. Kilichoonekana zaidi ni akili ya kijana: amegundua kwamba utaratibu umemwacha mtu nje, akaurekebisha palepale. Msomaji wa kamati ya udahili hahitaji kuambiwa kwamba huyu ni makini. Ameshamwona akifanya kazi.

Pili, badilisha jina. Weka jina la binamu yake juu ya insha, kisha isome upya. Ikiwa hakuna kinachoharibika, insha hiyo bado haijawa ya mtu. Ngoma, pilau ya sikukuu na hadithi za bibi ni mali ya wengi. Huwa za mwombaji pale anapotaja jukumu alilopewa, kosa alilolisahihisha, au swali lililomkosesha usingizi.

Kigezo hiki kimepata uzito zaidi tangu tarehe 29 Juni 2023, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, na kuvizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpokea. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mwombaji bado anaweza kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi maelezo hayo yafungamane na tabia au uwezo ambao yeye mwenyewe ataupeleka chuoni. Kutaja asili peke yake, basi, hakutoshi.

Tatu, tafuta ubishi. Utamaduni ulio hai una watu wanaojibizana ndani yake. Rudi kwenye daftari lile. Tuseme baba mkubwa anakataa: kuni haziandikwi. Kijana anamjibu kwa adabu, “Samahani, baba mkubwa. Mama yule naye akifiwa, tutakumbuka vipi kwamba alitusaidia?” Hapo insha imepata uti wa mgongo. Kijana ameielewa mila yenyewe, kwamba daftari huwekwa ili fadhila irudishwe, na anaitetea mbele ya mzee wake kwa hoja iliyotoka ndani ya mila hiyohiyo.

Jihadhari na njia mbili za mkato. Moja ni kusifu kila kitu, mpaka mila inakuwa tangazo la utalii. Nyingine inaumiza zaidi: kijana anaichora familia yake kama giza, na chuo cha ng’ambo kama taa. Wapo wanaomshauri auze umaskini kwa kuwa ndio unaonunulika. Ushauri huo unawavunjia heshima waliomlea, na unamnyima msomaji nafasi ya kuona alichojifunza kwao. Shida ikiwepo isemwe, kwa kipimo chake, pamoja na alichokifanya yeye.

Nne, pima maelezo. Msomaji wa Chicago hajui rambirambi ni nini, lakini hahitaji aya nzima ya kufundishwa. Sentensi inayoonyesha watu wakitoa fedha na majina yao yakiandikwa inatosha. Historia ya kabila ikila maneno 150, karibu robo ya nafasi imekwenda na mwombaji hajaanza kusema. Neno la nyumbani libaki pale linapofanya kazi, na liondoke likiwa pambo.

Hatimaye, ukishamaliza vigezo hivyo vinne, sikiliza sauti. Insha iliyopigwa msasa na mjomba, mwalimu na programu ya kompyuta huwa na maneno makubwa na haina mtu. Kijana wa miaka 18 ana haki ya kusikika kama kijana wa miaka 18.

Kwa hiyo mwanafunzi akikuletea rasimu, usiijaze wino mwekundu kwanza. Ifunike, umuulize, “Wewe ulifanya nini siku ile?” Jibu atakalokupa kwa mdomo, mwambie akaliandike hivyohivyo, na aanzie hapo.